Mpe mwenzako asome kwa sauti: namna ya kupata maoni ya kweli kuhusu mazungumzo na toni ya hadithi yako

Ukimpa mtu hadithi yako ukamuuliza "umeionaje?", atakujibu "nzuri, hongera, endelea hivyo hivyo." Amekujibu kwa adabu, na adabu hiyo haitakusaidia kitu. Nimeandika hadithi fupi kwa miaka kadhaa sasa, nyingi zikitokea Tanga na vijiji vyake, na kilichonichelewesha kuliko vyote ni kukusanya hongera nikidhani ni maoni. Mazungumzo ya wahusika hupimwa kwa sikio. Mtu akiyasikia, anaamini kwamba yametoka kwenye midomo ya watu wawili tofauti? Anajua nani amemuumiza nani, hata kama hakuna aliyetamka?

Hapa naeleza ninavyofanya siku hizi, hatua kwa hatua, kwa onyesho moja la hadithi. Kwa onyesho nina maana ya kipande kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja: watu wameingia, wamesemeshana, kitu kimebadilika, wametoka. Nitatumia onyesho langu mwenyewe kama mfano.

Kisa chenyewe ni hiki. Zuhura ameuza cherehani ya mavyaa yake, Bi Mwanaidi, ili alipie matibabu ya mtoto. Mama mkwe alikuwa Pangani wiki tatu, na sasa amerudi Tanga mjini. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo mama. Habari za safari?"

"Safari ilikuwa nzuri. Cherehani yangu iko wapi?"

"Mama, naomba unisamehe. Niliiuza kwa sababu Twaha alikuwa mgonjwa na tulihitaji fedha kwa ajili ya matibabu yake."

"Umeuza cherehani yangu bila kuniuliza? Nimekasirika sana!" alifoka Bi Mwanaidi kwa hasira.

Zuhura alilia kwa uchungu.

Sarufi haina kosa. Siku niliyoiandika niliiona imekamilika kabisa.

Hatua ya kwanza: andika unachotaka kisikike, kisha kifiche

Kabla hujampa mtu yeyote, chukua karatasi ujiandikie kwa sentensi mbili tatu: kila mhusika anataka nini katika onyesho hili, na msomaji aondoke amehisi nini. Mimi niliandika: "Bi Mwanaidi anajua tangu anapoingia mlangoni. Ana hasira, lakini kuliko hasira amedhalilika, kwa kuwa hakuulizwa. Zuhura anataka asamehewe kabla hajalazimika kueleza."

Ikunje karatasi hiyo uiweke ndani ya daftari. Usimwonyeshe mtu. Kazi yake ni kukuzuia kujidanganya baadaye, maana msomaji akikwambia "nimeona kama mama mkwe hakujali sana", ni rahisi mno kujiambia kwamba hata wewe ulikusudia hivyo hivyo. Karatasi itakukumbusha ulichokusudia.

Ukishindwa kuziandika hizo sentensi, onyesho halijawa tayari kusomwa na mtu. Rudi mezani.

Hatua ya pili: andaa nakala

Hapa hapana mambo mengi. Kata kipande cha kurasa mbili au tatu, kisizidi maneno 900. Chapisha kwa nafasi pana kati ya mistari, weka namba pembeni kila mstari wa tano ili watu waweze kusema "pale mstari wa 25" badala ya "pale anapomjibu". Juu kabisa andika sentensi mbili za kumweleza msomaji kilichotangulia, na hizo zitaje matukio tu. "Zuhura ameuza cherehani ya mama mkwe wake" inafaa. "Bi Mwanaidi ni mama mkali" haifai, kwa sababu ukali wake ndio unaotaka kuupima.

Tengeneza pia nakala ya pili ya onyesho hilo hilo, umeondoa majina yote na kila "alisema", "alifoka", "akajibu". Yabaki maneno ya wahusika peke yake. Nakala hii utaihitaji katika hatua ya tano.

Hatua ya tatu: chagua masikio

Watu wanne wanatosha. Wakizidi sita utazama katika maoni usiweze kuogelea. La maana ni mchanganyiko wao.

Wa kwanza awe mtu wa mahali hadithi inapotokea, na ikiwezekana awe wa rika la mhusika anayekusumbua. Mimi nilimpata mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Tanga, anayekaa na wakwe wawili. Hasomi hadithi, ana shughuli zake. Alinifaa kuliko wengine wote watatu.

Wa pili awe anazungumza Kiswahili cha kwingine. Kiswahili ni kipana, na neno moja hubadilika maana ukivuka mpaka. Ukimwandikia mhusika "bibi yangu anaumwa", msomaji wa Morogoro atamwona mzee wa mvi, na wa Nakuru huenda akamwona mke wa msemaji. "Nyanya" ni mama wa mama au wa baba kwa Mkenya, na kwa Watanzania walio wengi ni kiungo cha mchuzi. Mhusika wako wa Mombasa akisema "njoo" na "macho" pale ambapo msemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, angesema "ndoo" na "mato", wenyeji watajua mara moja kuwa mwandishi hakuwahi kukaa nao. Na kama mhusika ametoka Lubumbashi, Kiswahili chake kitakuwa na Kifaransa ndani, na hakuna kamusi itakayokusaidia kuliko mtu aliyezaliwa huko. Siku hizi si lazima akae jirani nawe. Mtumie kurasa, naye akurudishie ujumbe wa sauti kwa WhatsApp.

Wa tatu awe msomaji mzoefu wa hadithi, asiyeandika. Wa nne mwandishi mwenzako, ambaye utamlipa kwa kumsomea za kwake kwa uangalifu ule ule.

Mume au mke wako mwache pembeni kwa mzunguko wa kwanza. Anaijua sauti yako mno. Atasikia ulichotaka kusema hata pale ambapo hukukiandika.

Hatua ya nne: wasome wao, wewe unyamaze

Hii ndiyo hatua ninayowasihi waandishi wenzangu wasiiruke. Watafute watu wawili, wagawie wahusika, wasome kwa sauti bila kujiandaa. Usiwape muda wa kupitia kwanza. Omba ruhusa uwarekodi kwa simu. Wewe kaa pembeni na nakala yako na penseli, na usiseme neno. Usisome wewe mwenyewe kwa hali yoyote, kwa sababu utaigiza: utaweka hasira kwenye sauti yako, na hadhira itadhani hasira imo kwenye maandishi.

Kama unayemtegemea ni mzee asiyeona vizuri, wasome vijana wawili naye asikilize. Hiyo nayo inafaa sana. Wazee wetu wengi wamekulia kwenye michezo ya redio, na masikio yao yamezoea kumjua mtu kwa sauti yake tu.

Wakiwa wanasoma, weka alama kwenye nakala yako kila panapotokea jambo. Msomaji amekwama na kurudia? Weka alama. Amekatiza sentensi katikati ili avute pumzi? Sentensi ni ndefu kuliko kifua cha mtu, na mtu mwenye hasira ana kifua kifupi zaidi. Amecheka mahali ambapo hukukusudia? Weka alama mbili.

Lakini alama ya thamani kuliko zote ni pale ulimi wa msomaji unapobadilisha maneno yako bila mwenyewe kujua. Mama yule wa Tanga alisoma sehemu ya Bi Mwanaidi, na binti mmoja wa jirani akasoma ya Zuhura. Baadaye nikasikiliza rekodi mara tatu. Mahali nilipoandika "Niliiuza kwa sababu Twaha alikuwa mgonjwa na tulihitaji fedha kwa ajili ya matibabu yake", binti alisoma: "Niliiuza, si Twaha alikuwa mgonjwa, mama." Ile "si" moja ilibeba kila kitu: kujitetea, kuomba, kumkumbusha mkwewe jambo ambalo alitakiwa kulijua. Mimi nilikuwa nimeweka "kwa sababu" na "kwa ajili ya", kama barua ya kuomba ruhusa kazini.

Kisha ikaja zamu ya mama. Alisoma "Umeuza cherehani yangu bila kuniuliza?" Halafu pale paliposema "Nimekasirika sana!", rekodi ina kimya kidogo, na sauti yake inasema: "Haya."

Hakulisoma lile la kwangu. Alikuwa na karatasi mkononi, macho yake yako kwenye mstari, na ulimi ukakataa. Nilipomuuliza kwa nini ameruka mstari, alishangaa, alidhani ameusoma wote. Kila aliyekulia nyumba yenye watu wazima anaijua hiyo "haya" ya mama, inayofunga mazungumzo na kufungua wiki nzima ya kununiwa. Sikuwa na neno lolote katika rasimu yangu lililofikia robo yake.

Kwa hiyo sikiliza rekodi ukiwa na kalamu. Tafuta hasa vijineno ambavyo ulimi huviongeza: si, kwani, mbona, hebu, basi, eti, kumbe, jamani, wallahi. Katika Kiswahili cha kusemwa hivi ndivyo vinavyobeba moyo wa msemaji. "Umechelewa" ni taarifa. "Mbona umechelewa" ni swali lenye lawama. "Kwani umechelewa?" ni mtego. "Kumbe umechelewa" ni mtu aliyegundua jambo. Ukiona wasomaji wako wanavichomeka wenyewe, ujue mazungumzo yako yana njaa. Usivimwage kila mstari, lakini. Mhusika anayeanza kila sentensi na "jamani" anachosha baada ya ukurasa mmoja.

Hatua ya tano: uliza yanayojibika

Wakimaliza kusoma, waulize kuhusu watu wa kwenye hadithi. Usiwaulize kuhusu maandishi, na kamwe usiwaulize kuhusu wewe. Mtu ataona haya kukwambia mazungumzo yako ni makavu, lakini atakwambia kwa furaha kwamba yule mama mkwe ni mnafiki. Maswali ninayoyatumia ni haya, na huwa nayabadili kulingana na onyesho:

Huyu mama ana umri gani, unadhani amezaliwa wapi? Nani alikuwa na nguvu mwanzoni, na mwishoni nani? Ni mstari upi uliokufanya ujue kuwa mambo si mazuri? Kuna neno ambalo mtu kama huyu asingelitamka? Umemwonea huruma nani, na tangu wapi? Kama wangeendelea kuzungumza, nani angefungua kinywa kwanza?

Swali la umri ni dogo lakini linafichua mengi. Nilipouliza kuhusu Zuhura wa rasimu ya kwanza, mmoja alisema ana miaka 20, mwingine akasema 45. Hiyo ni ishara kuwa hana sauti yake mwenyewe, anazungumza kwa sauti ya mwandishi.

Sasa toa ile nakala ya pili, isiyo na majina. Mpe msomaji ambaye hajaona nakala ya kwanza, mwambie aandike pembeni ya kila mstari nani anazungumza. Jaribio hili lina uzito wa pekee katika lugha yetu. Kiambishi a- hakimwambii msomaji kama aliyesema ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. "Akasema" ni "akasema" tu. Kwa hiyo ukiwa na watu watatu chumbani, kinachowatenganisha ni wanavyozungumza na wanavyoitana. Nani anamwita nani "mwanangu", nani anasema "nipe" na nani anasema "naomba", nani anaamkia na nani anaitikia. Msomaji akikosea zaidi ya mara mbili katika ukurasa mmoja, usikimbilie kuongeza "alisema Zuhura" kila mahali. Rudi kwenye maneno yenyewe.

Hatua ya sita: namna ya kupokea

Andika wanachosema kama walivyokisema, kwa maneno yao. Akisema "hapa pamepoa", andika "pamepoa", usiandike "kasi ndogo". Na usijitetee. Ukianza kueleza "unajua, kwa kweli yeye alikuwa anamaanisha…", umemfundisha msomaji jibu unalolitaka, na kuanzia hapo atakupa hilo. Ukipeleka mswada kwenye shindano kama Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, hutakuwa umekaa pembeni ya jaji umweleze ulichomaanisha.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima ulizingatie. Usiwakusanye mzee na vijana kwenye kikao kimoja. Mzee akishasema kwamba mama mkwe amezungumza sawasawa, hakuna kijana atakayeinua mdomo kumpinga mbele yake, na hivyo ndivyo alivyolelewa. Waone mbalimbali. Vivyo hivyo kwa mkubwa wako wa kazi na msaidizi wake, mwalimu na mwanafunzi wake.

Kwa msomaji mpole asiyeweza kukosoa hata ukimbembeleza, mpe penseli badala ya maswali. Mwambie apige mstari chini ya maneno aliyoyaamini, aweke duara pale macho yalipoanza kuzurura, na msalaba pale alipoona mtu hawezi kusema hivyo. Mkono huwa jasiri kuliko mdomo.

Hatua ya saba: chambua, usitii kila kitu

Baada ya siku mbili tatu, ukishapoa, weka nakala zote mezani na utafute panapokutana. Watu wawili wakigusa mstari ule ule, pana tatizo, hata kama kila mmoja ametoa dawa yake. Kwenye onyesho langu mmoja alisema Zuhura aombe msamaha zaidi, mwingine akasema asiombe kabisa. Wanapingana, lakini wote waliumizwa na mstari mmoja. Msomaji anajua panapouma; dawa uitafute mwenyewe.

Maoni ya aina moja yatakujia kwa wingi, na inabidi uyapime kwa makini: masahihisho ya usanifu. Sisi tumefundishwa shuleni kwamba Kiswahili kizuri ni sanifu, kwa hiyo msomaji akiona mhusika wa Nairobi anasema "leta hiyo kitu", mkono utamwasha aandike "lete kitu hicho". Mshukuru, kisha ujiulize mhusika ni nani. Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na mpaka leo Mombasa ile ile inazungumza Kimvita chake majumbani. Mimi msimulizi wangu hutumia sanifu, na kila mhusika nampa Kiswahili cha kwao. Mwandishi mwingine anaweza kuamua vinginevyo. Ila ukishaamua, usiyumbe: mhusika asiseme "hiyo kitu" ukurasa wa kwanza na "kitu hicho" ukurasa wa tatu bila sababu. Hapo msahihishaji atakuwa na haki.

Hatua ya nane: pima toni peke yake

Toni ni moyo unaosikika nyuma ya maneno, na kosa la kawaida ni kuubandika juu ya maneno: "alifoka kwa hasira", "alijibu kwa upole", "alisema kwa kejeli". Ukitaka kujua kama toni imo kweli, futa "kwa" hizo zote, kisha mpe mtu mpya asome. Muombe neno moja tu la kuelezea hali ya chumba kile. Wakikupa "baridi", "uzito" na "kununa", furahi, hayo ni maneno ya nyumba moja. Mmoja akisema "ugomvi" na mwingine "utani", bado una kazi.

Nilipofanya hivyo kwa Bi Mwanaidi, hasira yote iliondoka na ile "kwa hasira". Ikabidi niitafute upya, na nikaipata mahali ambapo sikuwa nimepafikiria: kwenye salamu. Katika rasimu ya pili niliondoa "Marahaba". Zuhura anaamkia, mama mkwe anauliza habari nyingine. Hilo tu. Nikampelekea yule mama wa Tanga bila kumwambia nilichobadilisha. Alifika mstari wa pili akanyanyua macho: "Hakuitikia shikamoo ya mwenziwe? Basi huyu anajua kila kitu."

Hicho ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi yangu iliyokunjwa.

Lakini msomaji wangu wa Nairobi alipita hapo bila kusikia kitu. Kwake shikamoo si salamu ya kila siku, na kutoitikiwa kwake hakukumshtua. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kumfanya msimulizi aeleze kwamba kutoitikia shikamoo ni tusi zito, na hapo ningewachosha wasomaji wa pwani wote. Au nimfanye Zuhura mwenyewe ahisi tusi hilo. Nikachagua la pili: nikamfanya asubiri kidogo, kisha aamkie tena. Shikamoo ya pili ilimwamsha hata yule wa Nairobi. Hii ndiyo faida ya kuwa na msomaji wa mbali. Anakuonyesha ni wapi unategemea mazoea ya mtaa wako, na kwa kawaida suluhisho lipo ndani ya onyesho, bila maelezo.

Angalia pia wanavyoitana. Mwanzoni Bi Mwanaidi alisema "mwanangu", na nikadhani nikitaka awe baridi ni lazima nimpe maneno makali. Msomaji wangu mzoefu ndiye aliyenionyesha kinyume chake. Alisema: "Mama mkwe wangu akinipenda ananiambia 'nipe maji'. Akininunia ananiambia 'naomba maji'." Sikuwahi kulifikiria hilo. "Naomba" ni neno la heshima, na ndiyo sababu linaweza kumsukuma mtu mpaka kwenye kiti cha wageni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hatua ya tisa: andika upya, tafuta sikio jipya

Wasomaji wa mwanzo wameshaijua hadithi, kwa hiyo hawawezi tena kukupima kwa usahihi. Ukishaandika upya, tafuta angalau mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona. Mizunguko mitatu inatosha kwa onyesho moja. Ukiendelea zaidi ya hapo utaanza kuandika kwa hofu, ukijaribu kumridhisha kila mtu, na mazungumzo yatapoteza chumvi. Itunze pia rasimu ya kwanza. Mara nyingine kuna mstari mmoja uliouacha huko ambao utautaka tena.

Na uwashukuru watu wako kwa vitendo. Wapelekee hadithi ikishachapishwa, wasomee na wewe za kwao, mnunulie mama kitenge kama una uwezo. Wamekupa saa zao na masikio yao.

Hivi ndivyo onyesho langu lilivyokuwa baada ya mzunguko wa tatu:

"Shikamoo mama."

Bi Mwanaidi alivua kandambili, akaziegemeza ukutani. "Twaha hajambo?"

"Hajambo. Leo amekunywa uji." Zuhura alisubiri kidogo. "Shikamoo, mama."

Mama mkwe alikuwa akitazama kona ya dirishani. Pale sakafuni palibaki alama nne, za miguu ya chuma. "Mmepafagia," alisema.

"Nilitaka nikupigie simu, mama, si Twaha alikuwa…"

"Haya." Bi Mwanaidi alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu. "Pangani mpaka hapa vumbi tupu. Naomba maji ya kunywa, mke wa Hamisi."

Nilimpa mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye hakuwa amewahi kuiona. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena yote kwa mara ya pili. Kisha akaziweka karatasi mapajani na kuniuliza swali moja:

"Na huyo Hamisi yuko wapi siku zote hizo?"

Hamisi nilikuwa sijamwandikia hata mstari mmoja. Jioni ile nikakaa nikaanza onyesho lake.